Mama, Weka Fimbo Chini: Mtoto Anayekojoa Kitandani Anaweza Kusaidiwa

Mwezi huu naomba tuongee jambo ambalo katika vikundi vyetu vya maombi hatulitaji, si kwa sababu halipo majumbani mwetu, bali kwa sababu linatutia aibu. Tunaombea wagonjwa, tunaombea ada za shule, tunaombea waume wasiofika kanisani. Lakini sijawahi kumsikia mama akisimama na kusema, "Wapendwa, mwanangu yuko darasa la pili na bado anakojoa kitandani." Mimi mwenyewe sikusimama. Nilinyamaza miaka mitatu.

Mwanangu wa pili alikuwa na miaka 8, na ilikuwa mwaka 2016. Alilala kitanda kimoja na mdogo wake wa miaka minne, na yule mdogo alikuwa ameshaacha kukojoa zamani. Kila asubuhi kelele zilianza chumbani kwao: "Mama! Kaka kanilowesha tena!" Godoro la sponji lilikuwa limeshapata ramani zake, na chumba kilikuwa na harufu ambayo wageni hujifanya hawaisikii. Tunaishi Dar es Salaam, nyumba ya kupanga, uwanja mmoja na majirani. Kuanika godoro kwetu ni sawa na kutangaza kwa kipaza sauti.

Nilifanya kila nililolijua. Nilimkataza maji kuanzia saa kumi jioni. Nilimwamsha saa tano usiku na tena saa tisa. Nilimkemea: "Na ukubwa wote huu!" Nilimwamuru abebe godoro mwenyewe hadi nje, majirani wakiona, nikidhani aibu itamfunza. Na siku moja, shuka zote za ndani zikiwa zimelowa na mvua ya masika ikinyesha, nilimchapa. Naandika haya nikijua wapo mtakaojiona humo.

Kilichonigeuza ni usiku mmoja wa Alhamisi. Niliamka saa nane kunywa maji, nikakuta mlango wa chumba cha watoto uko wazi. Mwanangu alikuwa ameketi sakafuni kwenye saruji, mgongo ukutani, amevaa sweta la shule, macho wazi.

"Unafanya nini hapa?"

"Nimekaa, Mama. Nikilala nitakojoa."

"Umeanza lini kukaa hivi?"

"Jumapili."

Wiki ile ile mwalimu wake alikuwa ameniletea taarifa kuwa mtoto anasinzia darasani. Nami nilikuwa nimeshaamua kwamba ni uvivu.

MUULIZE BABA YAKE

Asubuhi yake nilimwendea dada mmoja tunayeimba naye kwaya, muuguzi wa watoto. Nilidhani ataniuliza habari za mtoto. Aliniuliza kwanza habari za baba. "Nenda kamuulize mumeo aliacha lini."

Nilimuuliza jioni, baada ya chakula. Alinyamaza kwa muda, akawa anaichezea funguo. Kisha akasema, "Darasa la tano." Miaka mitatu alikuwa ananitazama nikimburuta mtoto na godoro, naye anajua. "Ningekuambia nini?" akasema. Nilimkasirikia, tena sana, lakini baadaye nilielewa kwamba kile alichofanyiwa yeye utotoni kilikuwa bado kinamfunga mdomo akiwa mtu mzima wa miaka 40.

Jambo hili kwa kweli hutembea katika ukoo. Mzazi mmoja akiwa alikojoa kitandani utotoni, karibu watoto wanne katika kila kumi wa mzazi huyo nao watakojoa. Wakiwa wazazi wote wawili, huweza kufika saba katika kumi au kupita. Mwaka 1995 watafiti wa Denmark waliifuata hali hii katika familia kadhaa mpaka wakaikuta imeshikamana na sehemu fulani ya chembe za urithi. Kwa hiyo, mama, kabla hujasema mtoto amerogwa au ni mkaidi, ulizia pande zote mbili, kwenu na kwao. Mara nyingi utamkuta mjomba au shangazi mwenye heshima zake ambaye anaijua habari hii vizuri.

Wala si wachache. Katika watoto 100 wa miaka mitano, kati ya 15 na 20 bado hulowesha kitanda. Wakifika miaka saba ni kama 10. Kila mwaka karibu 15 katika kila 100 ya wale waliobaki huacha wenyewe bila dawa yoyote, na kwa hiyo kila mganga aliyewahi kumpa mtoto kitu cha kunywa ana watu wa kumshuhudia. Wakifika ujana hubaki mmoja au wawili katika 100. Wavulana ni wengi kuliko wasichana, karibu mara mbili.

MWILINI KUNATOKEA NINI?

Muuguzi yule alinieleza kwa mfano wa nyumba, nami nitawaeleza hivyo hivyo. Kuna bomba, kuna tanki, na kuna mlinzi. Bomba ni figo. Usiku, ubongo wa mtu aliyekomaa hutoa homoni iitwayo vasopresini, ambayo huziambia figo zipunguze kazi, mkojo uwe mchache na mzito hadi asubuhi. Kwa baadhi ya watoto homoni hiyo bado haijazoea kutoka kwa wingi usiku, basi bomba linatiririka kama mchana. Tanki ni kibofu, nacho kwa baadhi yao bado ni kidogo au hujikaza mapema. Mlinzi ni ubongo wenyewe, unaopaswa kusikia kwamba tanki limejaa na kumwamsha mwenye nyumba. Kwa watoto hawa mlinzi hasikii. Ndiyo maana unaweza kumkuta mtoto analala fofofo ndani ya maji baridi na wala hajageuka.

Ukiyaelewa hayo utaona fimbo haina pa kupita. Unamchapa kwa jambo alilolifanya akiwa hayupo. Mtume Paulo aliwaandikia Waefeso na Wakolosai habari ya wazazi wanaowachokoza watoto hadi wakakata tamaa, na mimi nimeona kukata tamaa kumekaa kwenye saruji saa nane ya usiku.

Tuseme pia juu ya kumwamsha, maana ndiyo dawa yetu kubwa. Kumnyanyua mtoto nusu usingizini na kumsimamisha chooni huokoa shuka la usiku huo, basi. Hakumfundishi mlinzi wake kusikia, kwa kuwa aliyesikia ni mama. Wataalamu wa Uingereza walipotoa mwongozo wao mwaka 2010 walisema wazi kwamba kumwamsha mtoto hakumfikishi kwenye kukauka kwa kudumu. Ukisafiri au ukiwa na mgeni, mwamshe. Lakini usijiue kwa kukosa usingizi ukidhani unamtibu.

Na maji je? Hapa nilikosea vibaya. Mtoto asiyekunywa mchana kutwa hufika jioni na kiu ya ng'ombe, akanywa kwa pupa, tena kibofu chake hakijawahi kufundishwa kukaa kimejaa. Inatakiwa kinyume chake: anywe vizuri asubuhi, mchana na alasiri, kisha apunguze saa moja au mbili kabla ya kulala. Kinachopaswa kukatwa jioni ni chai ya rangi, kahawa na soda za kola. Kwetu chai ya jioni ilikuwa desturi ya nyumba nzima, na hakuna aliyewahi kuifikiria.

KWANZA HOSPITALI

Kabla ya kwenda kwa fundi cherehani, mpeleke mtoto akapimwe. Si kila anayekojoa ni wa urithi. Kama alikuwa amekauka miezi sita au zaidi kisha akaanza tena, kuna sababu. Inaweza kuwa ni maambukizi ya njia ya mkojo, hasa kama anasikia maumivu au anakojoa mara kwa mara mchana. Inaweza kuwa kisukari: mtoto anakunywa maji mengi mno, anakonda, anachoka. Mtoto wa namna hiyo usimnyime maji hata kidogo, mkimbize hospitali siku hiyo hiyo. Ukiona damu kwenye mkojo, na mnaishi Pwani au Kanda ya Ziwa ambako watoto huogelea madimbwini na ziwani, apimwe kichocho. Dawa yake ipo na inatibu. Akiamka ameng'ata ulimi au mwili umechoka kupita kiasi, mwambie daktari, huenda ni degedege la usiku.

Sababu nyingine ya kuanza upya ni moyo. Mtoto mchanga amezaliwa, wazazi wanagombana, bibi aliyemlea amefariki, mwalimu anamtisha. Na kuna lile ambalo mama hataki hata kulifikiria, kwamba kuna mtu anamchezea. Mtoto aliyeanza ghafla kukojoa, akawa anamwogopa ndugu au jirani fulani, msikilize bila kumkatiza na uchukue hatua.

Kwa mwanangu iligunduliwa jambo ambalo nisingelidhania: choo kigumu. Alikuwa anakwenda haja kubwa mara mbili kwa wiki, maana vyoo vya shule vilimchukiza, akawa anajizuia. Utumbo uliojaa hukikandamiza kibofu kilicho mbele yake, kikakosa nafasi. Alipewa dawa ya kulainisha choo, nami nikaongeza mapapai, maharage na mboga za majani, tena kila baada ya kifungua kinywa akawa anakaa chooni bila haraka. Kukojoa hakukwisha, lakini kulipungua kutoka kila usiku hadi usiku tatu au nne kwa wiki.

Kuna mama mmoja ninayetaka kusema naye pembeni, yule mwenye mtoto wa seli mundu. Nchi yetu ni mojawapo ya nchi zenye watoto wengi wa ugonjwa huo duniani. Figo za watoto hawa hushindwa kuukoleza mkojo, kwa hiyo hukojoa mwingi, usiku na mchana, na wengi wao hulowesha kitanda kuliko wenzao. Lakini maji kwao ni uhai, kwani wakipungukiwa maji maumivu huwashika. Usimkatie maji kwa ajili ya godoro. Mwache anywe, na shida ya godoro uitatue kwa nguo. Habari inayofuata inakuhusu wewe kuliko mtu yeyote.

SURUALI YA KULALIA

Yule muuguzi ndiye aliyenipa wazo. "Mpaka Mungu amkuze," akasema, "mpe usingizi." Alikuwa na maana ya nguo ya kulalia ya kufua, yenye kitambaa kinachonyonya ndani na kitambaa kisichopitisha maji nje. Pampasi za madukani nyingi huishia kwa watoto wadogo, na zile za wakubwa ni ghali. Ukinunua moja kila usiku kwa mwaka mzima utakuwa umetupa jalalani bei ya godoro jipya na zaidi. Ya kufua unashona mara moja.

Wazo lenyewe ni la mama kama sisi. Mwaka 1946 huko Connecticut, Marekani, mama mmoja aitwaye Marion Donovan, aliyechoka kubadili shuka za mtoto, alikata pazia la bafuni akalishona likawa kifuniko cha nepi. Baadaye alitumia nailoni ile ya miavuli ya askari wa angani, kwa kuwa ni nyepesi na haimuumizi mtoto. Mwaka 1949 vilianza kuuzwa kwenye duka kubwa la New York, na mwaka 1951 akapata hataza. Wenye viwanda walikuwa wamemkataa wote.

Mimi sikuwa na pazia la bafuni, nilikuwa na koti la mvua la mume wangu lililochanika mkono. Nikaenda nalo kwa fundi wa mtaani. Ya kwanza iliharibika. Fundi aliishona kama suruali ya kawaida, mshono unapita katikati ya miguu, na kila tundu la sindano likawa mlango wa maji. Usiku wa kwanza ilivuja pale pale. Ya pili tulijifunza: kipande cha chini kiwe kimoja kizima kutoka tumboni hadi mgongoni, mishono ikae pembeni kwenye nyonga ambako maji hayatuami, na ishonwe mara moja tu bila kurudiarudia. Kiunoni na kwenye mapaja lastiki laini, pana kidogo. Ukiweza kupitisha vidole viwili bila kuvuta, inatosha. Ikibana inaacha alama na mtoto atajikuna, ikilegea inamwaga.

Jihadhari na kitambaa cha meza cha plastiki. Wengi hukikimbilia kwa kuwa ni rahisi kupatikana, lakini hupiga kelele mtoto akigeuka, na kelele hiyo ndiyo inayomtangaza kwa wenzake. Baada ya kufuliwa mara chache hukatikakatika. Na ile mifuko ya rambo tuliyozoea zamani kuwafunga watoto, mbali na kwamba imepigwa marufuku hapa nchini tangu tarehe 1 Juni 2019, ni hatari: mtoto mdogo huweza kujifunika usoni akakosa pumzi. Ukipata dukani kile kitambaa laini chenye mpira kwa ndani kinachotumika kwa nepi za kufua, ndicho bora kuliko vyote, maana kinastahimili kufuliwa na hakipigi kelele.

Sasa pedi ya ndani. Kujua inahitaji kunyonya kiasi gani, kuna hesabu ambayo madaktari wa watoto huitumia: chukua miaka ya mtoto, ongeza 1, zidisha kwa 30. Mtoto wa miaka 8 kibofu chake hubeba kama mililita 270, yaani kikombe kikubwa cha chai kilichojaa. Usiku wa mkojo mwingi hupita hapo. Kwa hiyo kipande kimoja cha kanga kuukuu hakifui dafu. Sisi tulitumia taulo la pamba lililozeeka, tabaka tatu, na juu yake flana moja inayogusa ngozi. Kwa mvulana tabaka ziongezwe mbele, kwa msichana katikati na kuelekea nyuma. Pedi isishonewe kwenye suruali bali ichomekwe, ili ikauke upesi na ubadilishe bila kubadilisha yote. Tuliijaribu mezani: nikamimina kikombe cha maji polepole, nikahesabu hadi sitini, nikageuza. Karatasi niliyoweka chini ilikuwa kavu. Mwanangu alikuwa amesimama pale anatazama, na hiyo ilikuwa mara ya kwanza kumwona anacheka kuhusu jambo hili.

Taulo jipya lifue mara tatu au nne kabla ya kulitumia, vinginevyo maji yatateleza juu yake. Suruali tatu na pedi sita zilitutosha. Asubuhi pedi isuuzwe kwanza kwa maji baridi, halafu ndiyo sabuni, ianikwe juani. Suruali yenyewe ifuliwe kwa maji ya vuguvugu, ianikwe kivulini, isichemshwe wala isipigwe pasi. Usitumie dawa ya kulainisha nguo, kwani huzuia pamba isinyonye, na usiweke madawa makali ya kung'arisha, yatakula ule mpira. Harufu ikizidi, siki kidogo kwenye maji ya kusuuzia huimaliza. Mtoto aoge, au angalau anawe vizuri kiunoni kwa maji na sabuni kabla ya kwenda shule. Ngozi ikianza kuwa nyekundu, ipumzishe usiku mmoja au mbili. Mafuta mgando yapakwe kwa kiasi kidogo sana, maana yakishika kwenye pedi, pedi haitanyonya tena.

Tuliweka pia mpira kwenye godoro chini ya shuka. Hata fundi bora hukosea.

HAITIBU, LAKINI

Nisije nikaeleweka vibaya. Suruali hii haikaushi mtoto. Kazi yake ni kulinda: godoro, mdogo wake, usingizi wako, na zaidi ya vyote jina lake. Wapo wanaosema mtoto akivaa kitu kavu atazoea na hataacha. Mimi nilifanya hivi: kila likizo alilala bila kuvaa kwa wiki nzima, tukaona. Akikauka, vema, akilowa, anavaa tena bila neno. Kwa mtoto wa chini ya miaka mitano aliyekwisha kukauka mchana ni vizuri zaidi kujaribu usiku kadhaa bila nguo hiyo kabla ya kumzoesha.

Jinsi unavyompa ni jambo kubwa. Usimvalishe kwa hasira, wala usiiite nepi, hasa mbele ya wadogo zake. Kwetu iliitwa "suruali ya kulalia", basi. Alivaa mwenyewe, akaivua mwenyewe, akaitumbukiza kwenye ndoo yake yenye mfuniko. Nilimwambia kwamba kusaidia kufua si adhabu, ni kama kutandika kitanda. Wadogo zake nao walionywa na baba yao, kwa sauti niliyokuwa sijawahi kuisikia, kwamba atakayemwita kikojozi atajibu kwake.

Kwa wanaotafuta tiba yenyewe, kuanzia miaka mitano hadi saba na kuendelea, daktari ana mambo mawili makubwa. La kwanza ni kengele: kifaa kidogo kinachoshikizwa kwenye chupi na kulia tone la kwanza linapotoka. Mume na mke wanasaikolojia wa Marekani, O. Hobart Mowrer na Willie Mae Mowrer, waliandika habari zake mwaka 1938, na hadi leo hakuna kinachoipita. Karibu theluthi mbili ya watoto wanaoitumia kwa uaminifu hukauka, lakini huchukua miezi miwili hadi minne, na mama ndiye huamka kwanza. La pili ni dawa ya desmopresini, inayofanya kazi ya ile homoni niliyoitaja. Inafaa sana kwa safari au kambi, ila anayeinywa asinywe maji mengi kuanzia saa moja kabla ya dozi hadi saa nane baadaye, kwani hatari yake ni kubwa. Vidonge vya imipramini navyo hutumika kwa wengine. Viko kwenye nyumba fulani fulani, navyo mtoto mdogo akivimeza kwa wingi huweza kufa. Vifungie.

Neno moja kwa mama mwenye mtoto wa bweni. Usimpeleke ukimwombea tu kwamba kule ataacha kwa aibu. Nenda ukaongee na matroni faraghani, umwachie mtoto suruali nne na ndoo yenye mfuniko, upatane naye wapi ataanika. Pajama pana juu yake hufunika yote.

KRISMASI YA BIBI

Sisi ni watu wa Kilimanjaro, na Desemba nyumba nzima hupanda. Mwaka uliotangulia mwanangu alikuwa amekataa kwenda. Alisema tumbo linamuuma, tukamwacha kwa dada yangu, akakosa ndafu, akakosa binamu zake, akakosa kubarikiwa na babu yake, ambaye mwaka huo ilikuwa Krismasi yake ya mwisho. Hilo sitaweza kumrudishia.

Desemba 2016 alijifungia begi mwenyewe. Alipanga suruali chini kabisa, akaweka mpira ulioviringishwa ndani ya taulo. Kwa bibi watoto hulala saba kwenye chumba kimoja, magodoro chini. Usiku wa kwanza mimi ndiye niliyekosa usingizi. Nilisikiliza ukutani kama mwizi. Asubuhi alitoka na wenzake, mkavu, kikombe cha uji mkononi, akanipita bila hata kunitazama, wakakimbilia mgombani.

Mama mkwe aligundua, bila shaka. Siku ya tatu alinikuta nyuma ya jiko naanika pedi. Niliona aibu, nikaanza kujieleza. Akaniinamia, akashika ile flana kwa vidole, akaikunja, akaikunjua. Akauliza nani ameshona. Kisha akasema polepole, kwa Kichaga ambacho mimi nakisikia nusu, kwamba laiti angaliijua wakati ule, asingalimfungia yule wa kwake nje kwenye banda la mbuzi. Yule wa kwake ni mume wangu.

Mwanangu alikauka mwenyewe miaka miwili baadaye, akiwa na miaka 10. Hakuna siku ninayoweza kuitaja. Usiku wa kulowa ulikuwa mmoja kwa wiki, ukawa mmoja kwa mwezi, halafu siku moja nikaona suruali hazijaguswa tangu Pasaka. Sasa ni kijana mrefu kuliko baba yake, naye amenipa ruhusa ya kuandika haya mradi nisitaje jina lake.

Suruali zile tatu zilikwenda kwa mtoto wa shemeji, na kutoka hapo kwa binti wa jirani mwenye seli mundu, zikabadilishwa lastiki. Karatasi ya vipimo bado ninayo, imekunjwa ndani ya kitabu changu cha kwaya, imeandikwa kiuno, paja na urefu wa mbele kwa mkono wa fundi. Wiki iliyopita mama mmoja alinisogelea baada ya ibada, akasubiri watu wapungue, akaniuliza kama ni kweli nina karatasi fulani.